Sura ya Sita: Bati la Juu ya Gia

Gari kuukuu likibadilishwa gia boksi, gereji nzima hungoja jambo moja: dereva akanyage klachi, atie gia ya kwanza, gari lisogee. Likisogea, mikono hupanguswa kwa tambara, hesabu hufungwa, na gari huenda zake likiwa na shimo katikati ya sakafu. Shimo lenyewe limefunikwa kwa kipande cha zulia, au gunia, au ubao uliokatwa kwa haraka. Sura hii inahusu shimo hilo. Ninataka kumshawishi msomaji kwamba kazi ya gia haijaisha mpaka bati la juu yake limepimwa, limekatwa, limekunjwa na kufungwa, na zaidi ya yote, mpaka imethibitika kwamba linafunguka.

Pemba ni mahali pa kulisomea jambo hili vizuri, kwa kuwa kila adui wa sakafu ya gari yupo pale. Kisiwa kina ukubwa wa kilomita za mraba 988 hivi, na sehemu kubwa ya upande wake wa magharibi ni kilima baada ya kilima, bonde baada ya bonde. Masika ya Machi hadi Mei huzigeuza njia za shamba kuwa utelezi mwekundu. Gari lililobeba magunia ya karafuu asubuhi huweza jioni kuteremka pwani kuchukua ndoo za samaki au mwani mbichi, na maji ya chumvi yakachuruzika sakafuni njia nzima ya kurudi. Huko chini ya sakafu kuna matope, moshi wa ekzosi, joto la gia boksi na propela inayozunguka. Kinachowatenga watu na hayo yote ni bati lisilozidi unene wa milimita mbili. Bati hilo linastahili heshima kuliko tunavyolipa.

Sakafu iliyoumbwa ifunguke

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948, kwenye maonesho ya magari mjini Amsterdam. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na alilitumia kwa kazi za shamba gari la Jeep lililobaki baada ya vita. Alitaka gari litakaloshika nafasi yake. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na uhaba wa chuma, kikigawiwa kwa kibali, ilhali aluminiamu iliyokuwa ikiundiwa ndege za vita ilipatikana. Bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, yaani aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, ikakalishwa juu ya chasisi ya chuma. Uamuzi huo wa wakati wa dhiki ndio ulioyapa magari haya umri mrefu. Ndio pia uliozaa tatizo la chumvi tutakalolifikia mbele.

Namna sakafu yenyewe ilivyopangwa haizungumzwi sana, na ndiyo inayotuhusu hapa. Katika Land Rover za Series I, II na III, zilizoendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985, sakafu ya mbele haikuunganishwa na bodi moja kwa moja. Ni mabati yaliyofungwa kwa skrubu na bolti: moja upande wa dereva, moja upande wa abiria, na katikati kifuniko kilichotuna juu ya gia boksi. Fundi akitaka kuitoa gia boksi, njia ya kawaida ni kufungua mabati hayo, kuondoa sanduku la viti, kisha kuinyanyua gia boksi na kuipitisha ndani ya gari. Waliolibuni gari walijua tangu mwanzo kwamba siku moja mtu atahitaji kufika pale, wakamwachia mlango. Toyota nayo ilifanya hivyo katika Land Cruiser za 40, zilizoanza mwaka 1960: gia boksi yake ina kifuniko kinachofunguliwa kwa bolti kutoka ndani ya gari.

Kifuniko cha Land Rover za Series kilitobolewa kwa liva tatu. Ndefu ni ya gia za kawaida. Yenye kirungu chekundu ni ya kuhama kutoka hai kwenda lo, yaani kutoka mwendo wa barabarani kwenda mwendo wa nguvu. Yenye kirungu cha njano hushindiliwa chini ili magurudumu ya mbele nayo yavute gari likiwa kwenye hai. Land Rover One Ten ilipotoka mwaka 1983, mpangilio ulibadilika. Magurudumu yote manne yalivuta wakati wote, na liva ndogo moja ikabeba kazi ya hai, lo na kufunga difu ya kati. Kwa hiyo hata ndani ya ukoo mmoja wa magari, idadi ya liva na mahali zinapochomoza hubadilika, na kifuniko cha gari moja hakikai juu ya jingine.

Kwa nini liva huhama

Mapenzi ya watu kwa magari haya hayajapoa. Mwaka 2024 wenye Land Rover walikusanyika kwa mamia Nakuru mwezi Mei, na mwezi Oktoba wakajaa Arusha. Lakini mapenzi hayaleti spea. Pemba kila spea huvuka maji: nyingine hutoka Dar es Salaam na kushushwa Mkoani, nyingine huja kutoka Tanga kwa kuvuka mkondo wa Pemba. Gia boksi ya asili ya gari la miaka ya sitini ni adimu hata huko bara. Injini na gia boksi za kijapani zilizotumika, kwa upande wake, zimejaa madukani. Ndiyo maana mafundi wa Afrika Mashariki wamezoea kutia dizeli za Toyota, Nissan na Isuzu ndani ya bodi za Land Rover, na pamoja na injini huja gia boksi yake.

Hapo ndipo sakafu inapoanza kulalamika. Gia boksi ngeni ina urefu wake, na mdomo wa liva yake uko mahali pake. Huenda liva kubwa ikachomoza nyuma zaidi, karibu na kiti. Huenda ya transfa, ile ya hai na lo, ikatokea pembeni, mahali ambapo zamani palikuwa bati zima. Mgongo wa gia boksi nao huenda ukawa juu kuliko ule wa mwanzo, kifuniko cha zamani kikagoma kukaa. Wengi hapo hushika grenda na kupanua tundu la zamani mpaka liva zote zipite. Baada ya miezi michache kifuniko cha asili kinakuwa kingo tupu zenye meno, na gari limepoteza kitu ambacho kingeweza kuhifadhiwa au kuuzwa. Ushauri wangu ni kulifungua bati la zamani, kuliweka kando likiwa zima, na kuunda jipya.

Kabla ya kuunda, sharti moja: gia boksi iwe imekaa mahali pake pa mwisho. Mauntingi zifungwe, propela zifungwe, ekzosi iwe imepitishwa njia yake. Kupima kifuniko juu ya gia boksi iliyoegeshwa kwenye jeki ni kujitafutia kazi ya pili.

Kiolezo cha katoni

Kifaa cha kwanza ni katoni, ile ya friji au ya televisheni, isiyo na mikunjo. Kiti cha dereva hurudishwa kwa muda na dereva mwenyewe huketi, kwa sababu liva inayopita vizuri mkononi mwa fundi inaweza kugonga goti la mwenye gari. Fundi huchuchumaa upande wa abiria na chaki mkononi.

"Tia moja, ami."

Dereva hukanyaga klachi na kutia. Fundi huweka alama kwenye katoni iliyotandazwa juu ya gia boksi.

"Mbili. Haya, tatu. Sasa rivasi, taratibu."

"Imegusa, mwanangu?"

"Bado, ami. Isukume mpaka mwisho wake."

Kila gia hupata alama yake, kisha liva ya transfa hupitishwa kwenye hai, katikati na lo, na kila mara liva kubwa huzungushwa tena ili kuona kama liva mbili zinagongana. Alama zikiunganishwa, hutoka umbo la duaradufu lililopinda upande mmoja. Hilo ndilo eneo ambalo liva inalihitaji injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka mambo hubadilika, kwa sababu imekaa juu ya mauntingi za mpira. Ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo, injini huegemea upande, na liva iliyoshikana na gia boksi huegemea pamoja nayo. Kwa hiyo tundu liongezwe nafasi ya sentimita 2 hivi kuzunguka alama zote. Mpira utakaofunika nafasi hiyo tutauzungumzia.

Katoni ina faida moja kubwa ambayo wengi huiona bila kuitambua: haivutiki. Huweza kukunjwa na kuviringishwa, lakini haiwezi kutanuka kama kitambaa. Bati nalo, mikononi mwa fundi asiye na mashine ya kubonyezea, ni hivyo hivyo. Basi popote katoni inapokaa vizuri juu ya mgongo wa gia boksi, bati nalo litakaa. Popote inapokunjamana na kukataa, bati litakataa pia, na hapo ndipo pa kukata na kuunganisha vipande viwili. Fundi mzuri haishindi katoni kwa gundi na nguvu. Huisikiliza, akapata habari ya wapi panahitaji mkunjo na wapi panahitaji kuchomelea. Kiolezo kikikamilika, kiandikwe juu yake: mbele, nyuma, kulia, kushoto, upande wa juu. Bati lililokatwa kinyumenyume halirekebishiki.

Bati gani?

Geji 18, yenye unene wa milimita 1.2 hivi, ndiyo inayofaa kwa kifuniko cha chuma. Geji 16 ni nene zaidi, inavumilia kukanyagwa, lakini kuikunja kwa mkono ni kazi nzito. Bati la kuezekea nyumba halifai kabisa: ni jembamba mno, hulia kama ngoma barabarani na hupasuka kwenye matundu ya bolti. Shiti moja la futi 4 kwa 8 hutosha vifuniko kadhaa, kwa hiyo ni busara mafundi wawili watatu wanunue pamoja.

Wengine hutumia pipa la mafuta la lita 200, ambalo bati lake linakaribia unene tunaoutaka. Si vibaya, lakini pipa lililokuwa na mafuta huweza kulipuka likiguswa na cheche ya grenda, hata likionekana tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio hatari. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, lijazwe maji, lianze kukatwa kwa tindo na mkasi wa bati. Moto usiguse pipa ambalo bado limefungika.

Aluminiamu ya milimita 2 ni chaguo la pili. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 1.2 ina kilo 9.4, ya aluminiamu ya milimita 2 ina kilo 5.4. Kwa hiyo aluminiamu ni nene zaidi na bado nyepesi, na inapatana na sakafu ya asili ya Land Rover. Tatizo lake ni kuunganisha, kwani mashine ya kawaida ya kuchomelea chuma haiwezi kuichomelea vizuri. Mwenye kuichagua apange umbo lake kwa mikunjo na riveti peke yake. Nionavyo mimi, kwa gari la Pemba lenye sakafu ya aluminiamu, na kama katoni imeonesha kwamba umbo linakubali, aluminiamu ndiyo bora. Kama mgongo una kona nyingi, chukua chuma na ukubali kazi ya kukilinda.

Kukunja na kuchomelea

Mistari ya mikunjo huchorwa kwa sindano ya chuma au penseli nyepesi, si kwa kukwaruza kwa nguvu, kwa sababu mkwaruzo mrefu kwenye mstari wa mkunjo ndio mwanzo wa ufa. Asiye na mashine ya kukunjia hulibana bati kati ya vyuma viwili vya engo, mstari ukiwa sawasawa na ukingo wa chuma, kisha hulipiga kwa nyundo ya mbao kidogo kidogo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kurudi. Kupiga mahali pamoja mpaka pakunjike kabisa, kisha kuhamia pengine, huliacha bati na mawimbi. Mikunjo ya mgongo hutangulia, ya kingo hufuata. Kingo zenyewe ziwe na upana wa sentimita 3, zilale juu ya sakafu pande zote, maana ndizo zitakazobeba bolti na mpira wa kuzibia.

Uso mpana ulio bapa hutetemeka na kupiga kelele kwenye barabara mbovu. Dawa yake ni kuupa mkunjo mwepesi wa msalaba kutoka kona hadi kona, au kuupigia mfereji mmoja au miwili. Bati huwa gumu bila kuongezwa uzito wowote, na mwenye gari huweza kuzungumza na abiria wake bila kupaza sauti.

Kuchomelea kunataka umeme ulio imara. Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka mwaka 2010, ulipozinduliwa waya wa umeme uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga. Gereji ya leo ya Chake Chake au Wete inaweza kupanga kazi ya siku nzima ya kuchomelea, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokubali kazi ya kulipua. Vipande vishikizwe kwanza kwa nukta juu ya gia boksi yenyewe ili umbo lisipotee, waya za betri zikiwa zimefunguliwa na mabomba ya mafuta yamefunikwa kwa gunia lililoloweshwa. Kisha kifuniko kitolewe, kimaliziwe nje ya gari. Bati la milimita 1.2 hutoboka haraka, hivyo tumia fimbo nyembamba na moto mdogo, uchome sentimita 2 hapa, uruke, uchome sentimita 2 kule, upaache papoe. Anayevuta mstari mmoja mrefu kwa pupa hupata bati lililojikunja kama jani kavu.

Kama bati limepakwa zinki, iondolewe kwa grenda kila mahali patakapochomelewa, pande zote mbili. Zinki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi joto 907, ilhali chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Maana yake zinki yote huwa moshi kabla chuma hakijayeyuka. Moshi huo ukivutwa huleta homa, kutetemeka na kifua kizito usiku huohuo. Kazi ifanyike nje, mchomeleaji akiupa upepo mgongo wake.

Sahani ya liva na mpira wake

Sasa tufike kwenye tundu lenyewe, na hapa ndipo penye wazo ambalo ningependa kila gereji ilichukue. Usikate matundu ya liva kwenye kifuniko kikuu. Kata mlango mmoja mpana wa mstatili juu ya mdomo wa gia boksi, kisha utengeneze sahani ya bati itakayoufunika mlango huo kwa bolti sita au nane. Matundu ya liva yakatwe kwenye sahani. Kesho ikibadilishwa transfa, au liva ikisogea sentimita mbili baada ya mauntingi mpya, utaunda sahani nyingine kwa kazi ya saa moja, na kifuniko kikuu hakitaguswa. Tena mlango huo hutosha mkono kupita, fundi akaweza kuangalia maungio ya liva bila kung'oa viti.

Fikiria pia vitu vingine vinavyohitaji kufikiwa kutoka juu: tundu la kujazia mafuta ya gia, waya wa spidomita, swichi ya taa ya rivasi. Kila gari lina vyake. Pale ambapo mkono haufiki kutoka chini, kata kidirisha kidogo na ukifunikie kizibo cha mpira.

Kingo za matundu zisafishwe kwa tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Kisha huja mpira. Raba ya gia ya dukani, yenye mikunjo, ndiyo nzuri kuliko zote ikipatikana kwa kipimo. Isipopatikana, mpira wa tyubu ya lori hufanya kazi kwa uaminifu. Kata mduara mkubwa kuliko tundu, utoboe katikati tundu dogo kuliko liva ili liva iubane, halafu uubane mpira kati ya sahani na fremu ya bati iliyokatwa kwa umbo la tundu. Uache ulegee kidogo. Mpira uliovutwa kama ngozi ya ngoma huirudisha liva katikati na huweza kuitoa gia njiani. Tyubu ina udhaifu mmoja: huvimba na kulainika ikikutana na mafuta. Gia boksi inayovuja itengenezwe kwanza.

Chumvi na metali mbili

Aluminiamu na chuma zikigusana na kukawa na maji ya chumvi kati yake, umeme mdogo hupita baina yake, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Dalili yake kila mwenye Land Rover wa pwani anaijua: unga mweupe unaochomoza chini ya rangi, hasa mahali paneli ya aluminiamu ilipofungwa kwenye fremu ya chuma. Kifuniko kipya cha chuma kikilazwa moja kwa moja juu ya sakafu ya aluminiamu, umeanzisha ugonjwa huo mwenyewe, na ndoo ya samaki itaukuza.

Kinga yake ni kuzitenganisha metali hizo. Kifuniko kipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote, na ndani ya matundu ya bolti pia, kisha rangi ya juu. Kati ya ukingo wa kifuniko na sakafu ulazwe utepe wa mpira usiokatika, ambao kazi yake ni tatu kwa pamoja: kuzuia maji, kuzuia moshi, na kuzuia chuma kugusa aluminiamu. Bolti zipewe washa za plastiki au mpira na zipakwe grisi. Silikoni itumike kwa uchache sana, kwenye kona ambazo mpira umeshindwa kufika. Anayebandika kifuniko kizima kwa silikoni anamfungia mlango fundi atakayekuja baada yake, naye atakifungua kwa bisibisi na nyundo, kazi yote ikaharibika.

Zulia lisigundishwe juu. Zulia hunyonya maji ya chumvi na kuyatunza juu ya bati kwa siku nyingi. Mkeka wa mpira unaoinuliwa na kuoshwa kwa maji baridi kila baada ya safari ya pwani ndio unaofaa.

Kulipima lililofungwa

Bolti ziwe za kufunguliwa na mtu mmoja aliye ndani ya gari. Nati zichomelewe kwenye vipande vya bati na kufungwa chini ya sakafu, ili pasihitajike mtu wa pili kulala matopeni na spana. Bolti zote ziwe za kipimo kimoja.

Kisha mambo matatu yajaribiwe. La kwanza ni mwanga: gari liwekwe mahali penye giza, taa ya nguvu iwashwe chini yake, na mtu aangalie kutoka ndani. Panapopita mwanga patapita moshi. Jambo hili lisichukuliwe kijuujuu. Kaboni monoksaidi iliyomo katika moshi wa ekzosi haina harufu wala rangi, humlewesha dereva kabla hajatambua, na gari la milima linalopanda polepole madirisha yakiwa yamefungwa kwa mvua ni mahali pake hasa. La pili ni maji: mpira wa bustani uelekezwe chini ya sakafu kwa dakika kadhaa, kisha mkono upitishwe kwenye kingo kwa ndani. La tatu ni mzigo: gari lipakiwe, lipelekwe kwenye mlima, lipandishwe kwa lo, kisha lirudi kwa rivasi. Hapo injini huegemea kuliko wakati mwingine wowote, na kama liva inagonga bati, itagonga hapo. Baada ya wiki ya matumizi bolti zote zikazwe tena, kwa kuwa mpira mpya hubonyea.

Kazi niliyoieleza hapa ni ya fundi bati kama ilivyo ya fundi gari. Pwani yetu ina mafundi bati hodari tangu zamani, watu wanaoweza kutoa kibatari, faneli au ndoo kutoka kwenye bati tupu kwa mkasi na nyundo. Vijana wanajifunza ufundi katika Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji, na ningependa kila anayefundishwa kufungua gia boksi afundishwe pia kukata kiolezo. Gereji isiyo na mkono wa bati imwite mwenye mkono huo. Malipo yagawanywe, na kifuniko kiandikwe kwenye hesabu kama kazi inayojitegemea, chenye bei yake, kisiwe bakshishi ya kufungia kazi. Kisicholipiwa hakitengenezwi vizuri.

Na mwenye gari naye ana wajibu. Siku ya kulichukua gari asiridhike kuliona bati likimeta. Amwombe fundi afungue sahani ya liva, atazame ndani, kisha aifunge tena mbele yake. Fundi akitumia spana moja na kazi ikaisha kabla chai haijapoa, alipe kwa moyo mweupe. Ikihitajika nyundo, kazi bado haijaisha, na gari libaki gereji mpaka iishe.